Namba ya simu chini ya karatasi

Siku ya kwanza nampelekea Doña, bosi wangu, karatasi niliyoitafsiri, hata hakuisoma. Aliishika ile karatasi, macho yakaenda moja kwa moja chini kabisa, akaniuliza namba ya simu iko wapi. Nikamwonyesha, si hiyo hapo, namba ya ofisi ya kaunti. Akasema hiyo nimeiona, mi nauliza namba ya mtu. Nani anapokea, anaongea lugha gani, anapokea mpaka saa ngapi, na asipokuwepo nani anabaki na simu. Sikuwa na jibu hata moja. Akanirudishia, akasema mija, hii bado haijawa kazi, hii ni karatasi tu. Mija ni mi hija, yani mwanangu, na aliniita hivyo toka siku ile mpaka leo.

Ilikuwa 2015, Phoenix, Arizona. Doña ni kama sisi tunavyotanguliza Bi au Mama mbele ya jina la mtu mzima, na jina lake lenyewe naliacha kwa sababu hapendi kuandikwa mitandaoni. Ni mwanamke wa Sonora, Mexico, alivuka mpaka pale Nogales na wazazi wake akiwa na miaka 9, na mwaka 1991 akafungua kampuni yake ya mawasiliano kwenye gereji ya dada yake, meza moja, simu moja na mashine ya faksi ya kuazima. Hospitali, jiji, watu wa maji, watu wa umeme, wote wakitaka kuongea na Walatino, yani watu wenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, wanapitia kwake, halafu jioni huyo huyo unamkuta kwenye kikao cha shule au cha baraza la jiji anawasemea wale wale aliowapelekea ujumbe mchana, na hiyo ya jioni halipwi. Watu walimwambia achague moja, biashara au uanaharakati. Hakuwahi kuchagua na mi nadhani alikuwa sahihi kabisa.

Mimi natokea Handeni, Tanga. Nilifika Phoenix 2012 kwa ile bahati nasibu ya visa, nikaanza kwa kutandika vitanda hotelini, vyumba 15 kwa siku, na wenzangu karibu wote walikuwa akina mama wa Mexico na Guatemala. Kwa hiyo Kihispania nilikijua kabla ya Kiingereza, watu huwa wanashangaa nikisema hivyo lakini ndo ukweli, unayeshinda naye ndo anakupa lugha. Na Kihispania kwa mtu wa pwani si kigeni kivile. Meza wanaita mesa, bendera ni bandera, hayo sisi tulichukua kwa Wareno, sukari ni azúcar, sote tumeokota kwa Waarabu. Wana neno hasta, wanasema hasta mi mamá lo sabe, hata mama yangu anajua, na hilo hasta na hata yetu baba yao ni mmoja, ni hatta ya Kiarabu. Na wakiomba jambo liwe wanasema ojalá, ndani yake kuna Allah kama kwenye inshallah. Siku nilipoelewa hilo nilikaa kwenye beseni la bafu la chumba cha mteja nikalia, sijui kwa nini, nadhani nilikuwa nimechoka kuwa mgeni.

Kwa Doña nilifika kwa njia ya ajabu. Nilienda kliniki kumpeleka mtoto, pale mapokezi kuna mama Mkongo amekwama, dada wa mapokezi anajua Kiingereza na Kihispania, mama anajua Kiswahili na Kibembe, basi nikaingia katikati, Kiswahili kwenda Kihispania, Kihispania kurudi Kiswahili. Doña alikuwepo siku hiyo na watu wake wa kampeni ya chanjo ya mafua, akasimama anasikiliza tu mpaka tulipomaliza. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza yule mama atarudi lini kliniki, nikasema Alhamisi, akauliza na wewe Alhamisi utakuwa wapi.

Shule yangu ilianza hapo. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni maziwa. Miaka ya 90 wenye maziwa wa California walikuwa na tangazo maarufu sana la Kiingereza linaloanza na Got milk, linamuuliza mtu kama ana maziwa, na lilichekesha kwa sababu lilionyesha mtu amebanwa halafu maziwa hakuna. Ukilipeleka Kihispania neno kwa neno unapata ¿Tiene leche?, na mwanamke ukimuuliza hivyo umemuuliza kama ananyonyesha. Sisi wala hatuhitaji kufafanuliwa, mwendee mama yeyote Manzese umwambie una maziwa, uone. Mwanamke mmoja mwenye wakala wa matangazo kule Los Angeles, Anita Santiago, ndo aliwaeleza kwamba shida haiko kwenye maneno peke yake, jikoni kwa Walatino kukosa maziwa ya watoto si kichekesho, kuna watu wamekimbia nchi zao kwa ajili hiyo hiyo. Akatengeneza tangazo lake yeye, bibi anapika, linawauliza akina mama kama leo wamewapa watoto maziwa ya kutosha. Doña alikuwa ananisimulia hii kesi kama watu wanavyosimulia maisha ya babu zao. Mwingine aliyempenda ni Tere Zubizarreta, mwanamke wa Cuba aliyefungua wakala wake Miami mwaka 1976. Ile hadithi ya gari la Nova kukosa soko Mexico eti kwa sababu jina linasikika kama no va, haliendi, ukiileta mbele yake anakukatisha, ni uzushi, lile gari liliuzika, na anasema watu wanaipenda ile hadithi kwa sababu inafanya kazi yetu ionekane ni kukwepa maneno ya aibu.

Kuhusu hela alikuwa mkali, na hapa naomba dada zangu msome taratibu. Mama yake mwaka 1985 alitaka mkopo wa kiwanda kidogo cha chapati zao za mahindi, tortilla, benki ikamwambia alete sahihi ya mwanaume, mume alishafariki, akaenda na mtoto wake wa kiume wa miaka 20, kijana hana hata akaunti, ndo akasaini. Hiyo haikuwa benki moja tu, mpaka mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya umiliki wa biashara kwa wanawake ndo ikakatazwa kumdai mwanamke sahihi ya ndugu wa kiume kwenye mkopo wa biashara. 1988, si zamani hiyo, mi nilikuwa nimeshazaliwa. Kwa hiyo Doña kazi ya bure ya taasisi kubwa hafanyi. Wanakuja na maneno matamu, ni kwa ajili ya jamii yako, mtusaidie kusambaza. Anawauliza aliyechora hiyo karatasi kalipwa? Aliyechapa kalipwa? Basi na anayegonga mlango alipwe. Akina mama wanaopita nyumba kwa nyumba, wao wanawaita promotoras, alikuwa anawaweka kwenye bajeti mstari wa kwanza kabisa kabla ya redio na kabla ya mabango, na mteja akianza kupunguza bajeti basi apunguze vingine vyote ila ule mstari hapana. Nimemwona akikataa tenda nzuri, tenda ambayo ingelipa pango la mwaka mzima, kwa sababu mteja alitaka nembo na tafsiri tu.

Tulikuwa tunapishana kwenye mambo pia. Mi nilikuwa naona anachelewesha kazi. Karatasi moja wiki tatu! Mpaka iliponikuta mwenyewe, nitafika huko.

Kabla ya hapo nisimulie bibi wa Kizigua. Doña aliniambia kosa lake la miaka ya mwanzo, alimhudumia mwanamke wa Guatemala miezi miwili kwa Kihispania, yule anaitikia sí, sí, kumbe lugha yake ni Kimam, moja ya lugha za Wamaya, Kihispania alijua cha sokoni. Toka hapo akawa hakubali mtu aseme Walatino wanaongea Kihispania akanyamaza, lazima aulize Walatino gani, wa wapi, wa milimani au wa mjini. Sasa na sisi Waafrika tunafanyiwa hivyo hivyo, ukiwa mweusi mgeni unaletewa mkalimani wa Kiswahili. Siku moja nikapelekwa kwa familia ya Wabantu wa Somalia, nikaanza Kiswahili, vijana wananitazama. Bibi yao amekaa kwenye godoro pembeni, akasema kitu kwa mjukuu wake. Jamani. Ilikuwa Kizigua. Lugha ya bibi yangu mzaa mama, Handeni, naisikia Arizona kwa mtu aliyezaliwa bonde la Juba. Wale ni uzao wa Wazigua waliochukuliwa utumwani kwenda Somalia karne ya 19, vita ilipoanza 1991 wengine walikimbilia Tanzania, wako Chogo pale pale Handeni mpaka leo na uraia wamepewa, wengine kuanzia 2003 hivi wakaletwa Marekani. Kizigua changu kibovu lakini nilimsalimia kama nilivyofundishwa kusalimia wakubwa, yule bibi akanishika mkono hakuuachia mpaka naondoka. Kwenye fomu yao lugha imeandikwa Kisomali. Miaka mingapi watu wanawapelekea karatasi za Kisomali ambacho bibi anakisikia kama cha mabwana zake wa zamani.

Sensa ya 2020 ndo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote. Serikali ilikuwa imetaka kuweka swali la uraia kwenye fomu, Mahakama ya Juu ya Marekani ikalizuia Juni 2019, swali halikuwekwa lakini hofu ilishaingia nyumbani kwa watu, na hofu ukishaileta haitoki kwa hukumu ya mahakama. Na Arizona ina kumbukumbu yake, ile sheria SB 1070 ya Aprili 2010 iliyowapa polisi kudai makaratasi ya uhamiaji kwa mtu wanayemshuku, Mahakama ya Juu ilifuta sehemu kubwa 2012 ila kipengele hicho cha makaratasi kikabaki. Doña alinipeleka kwenye ukumbi wa Santa Rita, ambapo mwaka 1972 César Chávez, kiongozi wa chama cha vibarua wa mashambani, alifunga kula siku 24 kupinga sheria ya kuwabana vibarua wa mashambani, watu wakawa wanasema haiwezekani, Arizona no se puede, na Dolores Huerta, mwenzake kwenye chama hicho, akawajibu sí, se puede, inawezekana. Dunia nzima inalijua hilo neno sasa, linauza mpaka viatu. Doña alisema mi nataka tu ujue lilisemwa hapa, na lilisemwa na mwanamke.

Kwa upande wa Waswahili, fomu ya simu na ya mtandao ilikuwa Kiingereza na lugha 12 nyingine, yetu haimo, ila kulikuwa na miongozo kwa lugha 59 na humo Kiswahili kimo. Nikafurahi sana, nikaandika karatasi yangu, Sensa ni haki yako, jihesabishe. Mzee mmoja Mkongo aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka 17 akaniambia, mwanangu, sisi tumehesabiwa sana. Akanieleza kwamba kambini siku ya kuhesabiwa unasimama juani toka alfajiri, na ukikosekana jina lako linaguswa na chakula cha familia kinaguswa. Sasa wewe unaniambia kuhesabiwa ni haki? Ilibidi tuanze upya. Tukaacha neno haki, tukaongea shule, watoto wangapi darasani, kliniki inafunguliwa wapi, na tukasema wazi majibu ya mtu ni siri, yanafungwa kisheria miaka 72. Mwishoni alijaza yeye mwenyewe na akakaa na mimi kwenye simu kuwapigia wenzake. Machi 2022 Ofisi ya Sensa yenyewe ikatoa makadirio kwamba Walatino walihesabiwa pungufu kwa karibu asilimia 5. Doña alisoma ile habari ofisini, akafunga kompyuta, akaenda nyumbani saa nne asubuhi.

Sasa nije kwenye langu. Korona. Katikati ya 2020, joto kali, kila siku wanataka karatasi leo leo, na mimi nikatafsiri peke yangu usiku barua ya majibu ya vipimo. Nikaandika Kiswahili safi kabisa cha Dar, majibu yako ni chanya, tafadhali jitenge kwa siku 14. Nikaituma bila kuisomea mtu. Wiki iliyofuata nampigia mama mmoja wa Kivu kumjulia hali, sauti yake inakwaruza, nikamuuliza mama ulipima, akasema ndiyo, waliniambia chanya, nikasema Mungu asifiwe. Aliposikia chanya alidhani ni nzuri. Na ukitazama ana makosa gani, si tunasema fikra chanya, mtazamo chanya? Na jitenge? Alisema hilo aliliona, likamuuma, kwao kanisani anayetengwa ni aliyetenda dhambi, akawa anajiuliza kafanya nini, akaona haiwezekani wamemaanisha hivyo. Jumapili alipika, majirani walikuja. Mama mkwe wake alilazwa siku 19. Alitoka, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, lakini alitoka anatembea na mtungi wa oksijeni.

Nilimpigia Doña nikitegemea anifukuze. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza swali moja tu, ulimsomea nani kabla. Nikasema hakuna. Akasema basi kesho asubuhi tunaanza. Akanipa utaratibu ambao sijauacha mpaka leo. Unasoma karatasi kwa sauti mbele ya watu watatu, jikoni kwao, si ofisini kwako. Na usiwaulize mmeelewa? Hilo swali ni baya, kwa sababu mtu mwenye adabu atakujibu nimeelewa, mwanangu, hata kama hajaambulia kitu, anakulindia heshima yako. Unauliza, kesho ukiamka utafanya nini? Hapo ndo unaona. Mama wa Kivu huyo huyo ndo alikuwa mtu wangu wa kwanza kumsomea, nilienda nikasimama nje dirishani na barakoa, nikamwomba radhi kwanza, akasema soma tu. Barua mpya ikawa hivi, umekutwa na ugonjwa wa korona mwilini, lala chumba chako peke yako, chakula wakuwekee mlangoni, hujakosa lolote, ni ugonjwa, ukishindwa kupumua piga namba hii. Namba ilikuwa yangu. Hayo maneno hujakosa lolote aliyaweka yeye. Januari 2021 nikasoma idara ya afya ya jimbo moja la mashariki, tovuti yao kwa Kihispania iliwaambia watu kwamba chanjo haihitajiki, walitaka kusema si lazima, mashine ilitafsiri hakuna mtu aliyesoma. Sikuwacheka. Nilijua mahali palipouma.

Mwaka 2022 Doña akastaafu na mi nikafungua changu, kidogo, Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kizigua cha kuungaunga. Usajili, bima, vyeti vya kampuni ndogo za wanawake, hayo yanachosha tu, yanafanyika. Kazi iliyonipa nguvu ilikuwa joto la 2023, siku 31 mfululizo nyuzi 43 na kupanda, kaunti yetu ya Maricopa ikaja kuhesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka ule. Tafsiri niliyoletewa ilisema vituo vya kupoza. Nikaisoma jikoni kwa wazee watatu, mmoja akauliza wanapoza nini, samaki? Nikamuuliza kesho utafanya nini, akasema nitafungua dirisha. Basi tukaandika, maktaba ina AC, ni bure, nenda saa nne ukae mpaka jioni, nenda na watoto, hakuna atakayekuuliza makaratasi. Hiyo ya makaratasi sikuiandika mpaka nilipoenda mwenyewe maktaba tatu nikakaa nusu siku kila moja.

Machi 1, 2025 Rais Trump alisaini amri kwamba Kiingereza ndo lugha rasmi ya Marekani, na humo humo akafuta amri ya Clinton ya Agosti 2000 iliyozitaka ofisi za serikali kuu na wanaopokea hela zake wawafikie watu wasiojua Kiingereza vizuri. Sheria ya haki za kiraia ya 1964, ile inayokataza ubaguzi, bado ipo na ofisi hazijakatazwa kutafsiri, nimewaeleza wateja wangu hivyo mmoja mmoja, lakini wawili walishasimamisha mikataba. Nilimpigia Doña. Akaniambia yeye alianza 1991, hiyo amri haikuwepo, halafu akauliza simu yangu bado inapokelewa?

Inapokelewa. Jumamosi iliyopita usiku mzee wa Kirundi kapiga, ana barua, hawezi kupiga picha, mjukuu hayupo, basi akawa ananisomea herufi moja moja na mimi naandika nyuma ya risiti, tumetumia dakika 40 kujua ni barua ya kodi ya nyumba na ana siku 5. Nikamwambia Jumatatu tutaenda wote. Akauliza namba hii Jumatatu utakuwa nayo wewe? Nikamwambia ninayo mimi mpaka saa tatu usiku, nikiwa sipo anapokea mwenzangu wa Bujumbura, Kirundi anakijua. Akasema haya, subiri kidogo, kuna bahasha nyingine hapa.